Mwalimu wa Kiti cha Nyuma

Jumatatu, 3 Juni

Daktari ameniagiza niandike kila siku nimefanya nini na kama kifua kimebana. Nadhani alitaka mstari mmoja mmoja. Hanijui. Nimefundisha udereva tangu nilipokuwa na nywele za kuchana, na kazi ya mwalimu wa udereva ni kusema, kuanzia mwanafunzi anapofunga mkanda mpaka anaposhuka. Kwa hiyo daktari atasoma, atake asitake.

Kwanza yaliyonifikisha hapa. Mwezi uliopita moyo ulinizimikia njia panda, katikati ya somo. Mwanafunzi wangu, mama mmoja muuza mitumba ambaye hajawahi kutia gia ya pili bila kuzima injini, alinipeleka hospitali kwa gia ya kwanza, injini ikipiga mayowe njia nzima, na kila kona akawasha indiketa. Manesi wanasema alipofika aliegesha gari katikati ya mistari, sawasawa kabisa. Nilitokwa na machozi niliposikia. Yule nilimfundisha vizuri.

Sasa hukumu. Nisiguse gari. Nisikae karibu na magari, maana hata honi ya mbali inanipandisha presha. Nifanye mazoezi kila siku, polepole, mahali tambarare. Mvua zikikaribia nitapimwa upya. Moyo ukiwa umepata nguvu, narudi kazini. Usipopata, watanipasua kifua. "Na upasuaji kwa mtu wa hali yako..." daktari akasema, kisha akaanza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

Mke wangu alikuwa kakaa pembeni na mkoba mapajani. Hakuuliza kitu. Tulipotoka nje akasema tu, "Haya, twende nyumbani."

Jumatano, 5 Juni

Nimetembea hadi kona. Nimerudi. Kuku wa jirani alinipita.

Jumamosi, 8 Juni

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni fundi wa kuchomelea mageti. Leo asubuhi kaja anasukuma kitu kirefu kimefunikwa turubai. Mke wangu ni dobi, anafulia na kupiga pasi katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, na kwa kawaida hata nyumba ikiungua haachi shati la mteja nusu. Leo kaliacha. Akaja kusimama mlangoni, anacheka kabla turubai halijatolewa. Nikajua nimeuzwa.

Ni baiskeli mbili zilizokatwa na kuunganishwa ikawa moja. Viti viwili, mmoja nyuma ya mwingine.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Baiskeli, shemeji. Dada kasema niwatengenezee."

"Na mimi nakaa wapi?"

Akamtazama dada yake. Dada yake akatazama dari.

Nakaa nyuma. Sababu ni kwamba daktari kakataza nisijikaze, na mke wangu amekuwa akipelekea wateja nguo kwa baiskeli tangu kabla sijamposa. Pedali zote zimefungwa pamoja kwa cheni, kwa hiyo mtu wa mbele akizungusha, miguu ya mtu wa nyuma inazunguka, apende asipende. Breki ni ile ya kukanyaga kinyumenyume. Nikaushika usukani wa nyuma kuupima. Haugeuki! Shemeji kauchomelea ukakazika.

"Huo wa kushikia tu, shemeji," akasema.

Wa kushikia tu. Mimi! Nimefundisha nusu ya mji huu kushika usukani. Mtu aliyenishinda ni mmoja tu, na ndiye atakayekaa mbele yangu. Mwaka ule tulipooana nilijaribu kumfundisha gari. Tulifika kona ya kwanza, akazima injini, akanikabidhi funguo, akarudi nyumbani kwa miguu. Hatujalizungumzia tena.

Jumapili, 9 Juni

Tumeanza. Tulisukuma baiskeli hadi darajani, mahali mfereji unapotokea mtoni kwenda kwenye mashamba. Juu ya tuta la mfereji kuna njia ya changarawe wanayotumia watu wa maji, na mwanzoni mwake pana nguzo mbili za zege zilizokaribiana. Baiskeli inapita. Gari haliwezi. Mke wangu alinionyesha zile nguzo kama mtu anayeonyesha nyumba aliyojenga.

Nakiri, ni pazuri. Nchi yote ni sahani. Mfereji umenyooka upande mmoja, matete yamesimama, mashamba upande wa pili, na changarawe inasaga chini ya tairi, kru kru kru. Hakuna honi. Kwa mara ya kwanza tangu nizimike nilisikia pumzi yangu bila kuiogopa.

Lakini mke wangu anaendesha vibaya. Anakaa katikati ya njia. Hatazami nyuma. Kuna bata alikuwa anavuka, hakupunguza mwendo hata kidogo.

"Bata!" nikasema.

"Nimemwona."

"Punguza!"

"Ana mabawa."

Mguu wangu wa kulia ukakanyaga wenyewe. Katika gari la shule ya udereva, upande wangu nina breki yangu, na mguu huu umeishi juu ya breki hiyo maisha yake yote. Baiskeli ikakwama pale pale, mke wangu akaparamia usukani, bata akaruka.

Hakugeuka. Alivuta pumzi, kisha akasema taratibu, "Baba, ukikanyaga tena nitakushusha, utarudi nyumbani kwa miguu. Njia unaijua. Mimi niliwahi kuipita."

Kumbe hajasahau.

Jumanne, 11 Juni

Nimekanyaga breki mara nyingi. Bado sijashushwa.

Ijumaa, 14 Juni

Kifua hakikubana. Makalio ndiyo yanayobana. Daktari hakuuliza habari za makalio lakini naandika.

Jumatano, 19 Juni

Leo tumeaibika. Tulitoka darajani tukiwa wepesi ajabu, baiskeli inateleza yenyewe. Nikamwambia mke wangu, "Unaona? Moyo umepona." Yeye naye akajiona shujaa. Tukalifikia lango kubwa la maji, mahali ambapo siku zote tunageuza, tukasema ah, twende mbele kidogo. Tukaenda, tukaimba. Kisha tukageuza.

Lo! Upepo. Ulikuwa mgongoni muda wote, ukitusukuma kama mtoto, nasi tukadhani ni misuli yetu. Kurudi ukatupiga usoni bila huruma. Mke wangu aliinama mpaka kidevu kikakaribia usukani. Mimi nilikatazwa kujikaza, kwa hiyo miguu yangu ilizungushwa tu kama nguo ndani ya mashine.

Mlinzi wa lango lile la maji alikuwa amekaa kwenye kibanda chake akichonga mpini. Huyu ndiye anayefungua na kufunga maji, na kuopoa magugu kwa fimbo ndefu yenye ndoano. Alitucheka wazi wazi.

"Wote huja hivyo," akasema. "Wanakwenda wanaimba, wanarudi wanasukuma."

Akatupa maji ya kunywa. Tukasukuma.

Alhamisi, 20 Juni

Kuanzia leo tunatafuta kwanza upepo uko wapi, na tunaanza safari tukiukabili, ili utulete nyumbani. Mke wangu anainua kitambaa cha kufutia jasho kuupima. Mimi nilishauri kulamba kidole. Kitambaa kimeshinda.

Alhamisi, 27 Juni

Nimegundua jambo. Mke wangu haoni mbali. Tukifika penye upepo, baiskeli ikiwa nzito, anaanza kuuliza maswali ya kitoto.

"Pale mbele ni kona au ni kivuli?"

Ni kivuli. Kinaonekana ni kivuli. Na mfereji huu una kona moja tu tangu uchimbwe. Nikamweleza namna ya kutofautisha kona na kivuli, jinsi kingo zinavyojikunja, jinsi mwanga unavyolala, somo kamili ninalowapa wanafunzi wa wiki ya tatu. Alisikiliza mpaka mwisho. Sijawahi kumwona akinisikiliza mpaka mwisho.

Jumanne, 2 Julai

Ameuliza tena. Kona au kivuli. Nimemweleza tena. Nafikiria kumpeleka kupima macho.

Jumapili, 7 Julai

Hatukutoka. Shemeji alikuja kukaza cheni, akaumaliza mchana wote kwa kunitania. "Abiria hajambo?" Nikamwambia mageti yake yanalia kuliko wafiwa. Tulicheka mpaka nikashika kifua, na wote wawili wakanyamaza ghafla, wananitazama. Nikasema, "Nacheka tu, jamani." Mke wangu akaingia ndani kupiga pasi. Alipiga shati moja muda mrefu sana.

Jumamosi, 13 Julai

Mkurugenzi wa shule ya udereva kapita kunisalimia. Gari langu ameliweka chini ya turubai, hajampa mtu. "Mpaka mvua," akasema. Baada ya hapo itabidi aajiri mwingine. Sikumlaumu. Nilimwuliza kama mama wa mitumba amefaulu. Anasema anakataa kuendelea na mwalimu mwingine. Ananisubiri mimi.

Jumatatu, 22 Julai

Hospitali. Wakanipaka mafuta baridi kifuani, wakazungusha kile kidude, wakatazama kwenye kioo chao. Daktari kasema si vibaya, ila bado si vizuri. Moyo unasukuma, lakini kivivu. "Tusubiri kipimo cha Septemba. Hicho ndicho kitakachotuambia kama tunapasua."

Nikamwuliza, "Mimi naweza kufa kwenye baiskeli?"

Ndivyo nilivyouliza, sina haja ya kuficha. Akasema mtu anaweza kufa akila chakula. Halafu akaona hilo halikunisaidia. Akamgeukia mke wangu akamwambia, "Mama, ukiona amekosa nguvu ghafla, simama."

"Nitaonaje?" mke wangu akauliza. "Yuko nyuma yangu."

Daktari akacheka, akidhani ni mzaha.

Jumanne, 30 Julai

Tumekwenda, tumerudi. Bata wametotoa. Mke wangu alipunguza mwendo bila kuambiwa. Nikampa maksi kimoyomoyo.

Jumapili, 4 Agosti

Upepo mkali, vumbi, matete yamelala. Kona au kivuli? Nilimjibu kwa ukali kidogo. Nikamwambia mwanafunzi anayeuliza swali lile lile kila wiki namrudisha ofisini. Akasema, "Samahani, mwalimu." Sauti yake ilikuwa na furaha. Huyu mwanamke simwelewi.

Jumanne, 13 Agosti

Roho imeniuma leo.

Jioni nilikuwa barazani navua viatu. Mke wangu alikuwa chumba cha kufulia, anaongea kwa simu na binti yetu anayeishi mbali. Sikwenda kusikiliza, ila dirisha lilikuwa wazi na sauti ya dobi imezoea kushindana na mashine.

"Hanyamazi," akasema. "Tangu darajani mpaka langoni, hanyamazi. Tunakwenda anasema, tunarudi anasema. Hata maji tukisimama kunywa, anasema."

Halafu akacheka. Na najua kule upande wa pili mtoto naye alicheka.

Sasa. Mimi najua nina mdomo. Ndio uliomlipia yule mtoto karo. Lakini nilidhani tuko pamoja kule kwenye tuta. Nilidhani anayasikiliza yale masomo ya kona. Kumbe nimekuwa kero mgongoni mwake miezi yote hii, ananibeba kama furushi la nguo chafu, furushi lenyewe linaongea.

Haya. Nimesikia. Kesho ataujua ukimya.

Alhamisi, 15 Agosti

Jana sikuandika. Nitaandika leo, na nitaandika yote.

Jana tuliondoka kama kawaida. Aliinua kitambaa, upepo ulikuwa unatoka upande wa langoni, tukaanza kuukabili. Nilikuwa nimejiapiza: sitasema neno, na mguu hautagusa breki hata tukielekea kuzimu. Nitakuwa mzigo. Mzigo hausemi.

Tukazipita nguzo. Akasema, "Leo matete yamekauka." Kimya. Akasema, "Yule ndege mrefu yuko pale pale." Kimya. Nilikuwa nanuna kwa raha, jamani. Mtu akinuna sawasawa anajisikia tajiri.

Tulipofika sehemu iliyo wazi, upepo ukatushukia. Baiskeli ikawa nzito ghafla. Niliona mabega yake yakipanda.

"Baba, pale mbele ni kona au ni kivuli?"

Sikujibu.

"Baba? Kona au kivuli?"

Nikabana midomo. Nikasema moyoni, kampigie simu mwanao akwambie.

"Baba!"

Hiyo ya mwisho haikuwa sauti ninayoijua. Na hapo ningejibu, nilishafungua mdomo, lakini hakusubiri. Aligeuka mzimamzima juu ya kiti, mwili wote, kunitazama. Kila mtu niliyemfundisha nimemwambia usigeuze mwili, usukani utakufuata. Usukani ukamfuata. Gurudumu la mbele likatoka kwenye changarawe, likaingia majanini, na mguu wangu, ambao umekanyaga breki hata usingizini, jana nilikuwa nimeuapisha usikanyage. Ulipokumbuka kazi yake tulishakuwa tunateremka tuta.

Tukaingia mferejini. Pu!

Maji yalifika kiunoni, na matope chini yake yalifika magotini. Nilisimama kwanza, nikatema maji, nikamtafuta. Aliibuka na majani kichwani. Nilidhani atanitukana. Alinikamata ukosi wa shati kwa mikono yote miwili, akanivuta, akaweka sikio kifuani kwangu. Pale pale, ndani ya maji. Akatulia hivyo.

"Niko salama," nikasema. "Mke wangu, niko salama."

"Ulinyamaza!" Akanipiga begani. "Ulinyamaza! Kwa nini ulinyamaza?"

"Si ulimwambia mtoto kwamba sinyamazi? Nilikusikia. Nikaona nikupumzishe."

Akanitazama kwa namna ambayo nikatamani maji yanifikie shingoni.

"Nilikuwa nampa mtoto habari njema," akasema. "Kila siku anapiga simu anauliza baba anaendeleaje, mimi nitamwambia nini? Sina macho mgongoni. Miguu yako inazungushwa na yangu, hata ukifa itaendelea kuzunguka. Baiskeli ikiwa nzito nashindwa kujua ni upepo au ni wewe. Upepo au wewe! Tangu Juni! Kitu pekee ninachojua ni kwamba ukigomba, uko hai. Ndiyo maana nakuuliza."

"Kona au kivuli?"

"Mfereji una kona moja, baba. Hata mtoto mchanga anajua."

Akaanza kulia, kilio cha sauti, mtu aliyekibana tangu ofisini kwa daktari na mkoba mapajani. Nikamshika. Nami nililia, kwa nini nifiche. Tulikuwa wawili tumesimama matopeni tunalia kama watoto waliopotezana sokoni.

Ndipo mlinzi wa lango akaja mbio juu ya tuta na fimbo yake ya kuopolea magugu. Akatutazama. Akaitazama baiskeli, gurudumu moja liko hewani linazunguka.

"Mmefika salama?" akauliza.

Tulicheka mpaka akatushangaa. Akatuopoa kwa ndoano, mke wangu kwanza, kisha mimi, kisha baiskeli. Tukasukuma kurudi nyumbani, tukidondosha maji njia nzima. Na mimi nilisema. Nilisema kila hatua, nilisimulia kila jiwe, nilieleza matete, bata, mawingu, bei za tairi. Alitembea ameegemeza bega lake kwangu. Hakuniambia ninyamaze.

Daktari, kifua hakikubana. Nimekuandikia ujue: tulianguka mferejini na kifua hakikubana.

Ijumaa, 16 Agosti

Mafua, sote wawili. Shemeji kaleta baiskeli aliyoinyoosha. Kaniuliza kama nataka aweke na makasia.

Jumanne, 20 Agosti

Tumerudi njiani. Nasema kwa mpango sasa. Sehemu yenye upepo sisubiri kuulizwa: natangaza. "Upepo huo, mama, si mimi. Mimi nipo." Anaitikia kwa kengele, kling.

Nimeanza kumtazama mgongo. Miezi hii yote nilikuwa natazama barabara juu ya bega lake kutafuta makosa. Ana mgongo wa mtu aliyeinama juu ya mabeseni maisha yake yote, na ameuweka mbele ya upepo kila siku ili usinipige mimi. Sikuona. Mwalimu mzima, macho yote barabarani.

Jumapili, 1 Septemba

Joto. Mawingu ya kwanza upande wa mtoni. Hatukuyazungumzia.

Ijumaa, 6 Septemba

Kipimo ni wiki ijayo. Mke wangu amefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nami nimemwelekeza shemeji kurudi nyuma na mkokoteni wake kwa dakika nyingi kuliko alizohitaji. Kila mtu ana namna yake ya kuogopa.

Jumanne, 10 Septemba

Usiku wa kuamkia leo hatukulala vizuri. Leo tumekwenda mpaka langoni tu. Mlinzi kafungua maji kidogo kujiandaa kwa mvua, yalikuwa yanapita kwa kishindo. Akatuuliza mbona leo wapole. Mke wangu akamwambia, "Kesho tunasomewa majibu." Mlinzi akaweka fimbo chini, akatupa mkono, mmoja mmoja, hakusema mzaha wowote. Hilo lilinitisha kuliko kitu chochote.

Jumatano, 11 Septemba

Mafuta baridi. Kidude. Kioo.

Daktari alitazama kwa muda mrefu. Akamwita mwenzake. Mwenzake naye akatazama. Mimi nilikuwa nimelala ubavu, namwona mke wangu kwenye kiti kile kile, mkoba ule ule mapajani, kaukamata kama usukani. Nilitaka kumwambia kitu, kimwingie sikioni kwamba nipo, lakini niliambiwa nisiongee wakati wa kipimo. Ukimya ule! Sitausahau.

"Mzee," daktari akasema, "umefanya nini?"

"Nimepakiwa," nikasema.

Akageuza kioo tuone. Sikuelewa kitu, kitu cheusi kinafumba na kufumbua. Akasema moyo unasukuma sawasawa. Hakuna cha kupasua. Niendelee na dawa, niendelee na baiskeli, na mwezi ujao nirudi kazini.

Mke wangu akauliza, "Hapasuliwi?"

"Hapasuliwi, mama."

"Rudia."

"Hapasuliwi."

Akafungua mkoba. Miezi mitatu nilijiuliza kuna nini mle. Akatoa leso, akafuta uso, akafunga. Tukatoka. Nje, kwenye ngazi za hospitali, magari yanapita, honi, vumbi, mimi nimesimama katikati ya kelele zile na moyo haukujali kabisa. Tukakaa kwenye ngazi kama watu wasio na kwao. Mzigo ulinitoka mabegani mpaka nikahisi baridi. Mke wangu alikuwa anacheka kimyakimya, mabega yanatikisika. Walinzi wa hospitali walitaka tusogee, tukasogea, tukakaa ngazi ya chini yake.

Mkurugenzi nimempigia. Turubai linatolewa. Mama wa mitumba alipigiwa simu naye, nasikia alipiga kigelegele katikati ya wateja.

Jumapili, 15 Septemba

Mawingu yamejaa. Mlinzi anasema tuta litakuwa matope ndani ya siku chache, kwa hiyo leo ndiyo ya mwisho msimu huu.

Darajani mke wangu alishuka, akanishikia usukani wa mbele. Ule unaogeuka.

"Panda," akasema. "Daktari kakuruhusu. Leo nipakie mimi."

Sikusubiri kubembelezwa. Nikapanda, nikarekebisha kiti, nikatazama kulia na kushoto kwa ajili ya magari ambayo hayawezi kupita pale. Tukaondoka. Usukani ulinitii. Njia yote ilikuwa yangu, changarawe imelowa kidogo kwa umande, ndege mrefu yuko pale pale. Nilijisikia kijana. Nikaeleza kila kitu nilichokuwa nafanya ili ajifunze.

Yeye hakusema kitu. Si mtu wa maneno, huwa hasemi anapofanya kazi.

Tukafika sehemu iliyo wazi. Upepo wa mvua ukatoka langoni, ukatupiga usoni, na pedali zikawa nzito. Nzito ghafla, kama kuna mtu kaacha kuzungusha. Nikasikiliza. Nilisikia upepo, changarawe na matete. Nyuma yangu hakukuwa na sauti hata moja.

Ni upepo, nikajiambia. Mwanamke ana afya ya punda. Ni upepo tu.

Nikazungusha tena, bado nzito. Jasho likanitoka, lile la baridi, na moyo huu uliopimwa na kusifiwa ukaanza kugonga. Nilitaka kugeuka. Shingo ilishaanza. Nikaukaza usukani, nikatazama mbele, kwenye ile njia iliyonyooka nchi nzima tambarare, nikasikia sauti yangu mwenyewe inauliza, nyembamba, kama ya mwanafunzi wa siku ya kwanza:

"Mama, pale mbele ni kona au ni kivuli?"

Kwanza kimya. Kisha nikahisi kiganja chake kikitua mgongoni kwangu, kipana, kikavu kwa sabuni za miaka yote.

"Ni kivuli, baba," akasema. "Nipo. Endesha."

Nikaendesha.